Mshipa Mmoja au Miwili? Maumivu ya Siatika na Maumivu ya Kinena

Mikutano yetu na wananchi huitishwa kwa ajili ya usalama wa mitaa, lakini mara nyingi huishia kwenye mambo ambayo hayakuandikwa katika ajenda. Katika mkutano mmoja wa Buyenzi, baada ya wizi wa pikipiki na giza la vichochoro kujadiliwa kwa kirefu, alisimama mzee mmoja, dereva wa taksi wa miaka mingi, mkono wa kulia ukiwa kiunoni na wa kushoto umeshikilia kiti cha jirani yake. Alieleza kwamba kwa miezi mitatu alikuwa akisumbuliwa na mshipa. Ulianzia kiunoni, ukashuka kwenye kalio la kulia, ukapita nyuma ya paja na ubavuni mwa mguu mpaka kwenye kidole gumba. Na katika majuma ya karibuni ulikuwa umepanda tena na kuingia kinenani. "Wanangu," akasema, "nyinyi ndio mnaowakamata wauza dawa wa sokoni. Basi niambieni, mimi dawa ya mshipa huu niinunue kwa nani?"

Watu walicheka, naye akacheka nao. Sisi tuliokaa meza ya mbele tulitazamana tu, kwa kuwa swali hilo tumekwisha kulisikia katika mabweni ya askari, kwa madereva wa pikapu zetu, na kwa wenzetu wanaosimama saa nyingi kwenye makutano ya barabara. Hatukuwa na jibu siku ile. Tulimwahidi kulitafuta, na tulilolipata tunaliandika hapa kwa faida ya wengine. Sisi ni askari, si madaktari. Maelezo haya tumeyapata kwa madaktari wanaowatibu askari wetu na katika vitabu walivyotufungulia, na hakuna mstari hata mmoja hapa unaochukua nafasi ya kupimwa.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya tatizo imo humo. Kiswahili kina neno mshipa, na Kirundi kina umutsi, na maneno yote mawili yamebebeshwa mzigo mzito mno. Mshipa ni njia ya damu. Mshipa ni neva, yaani uzi wa fahamu unaopeleka na kurudisha habari kati ya ubongo na viungo. Mshipa ni ukano unaoufunga msuli kwenye mfupa. Tena, katika Kiswahili cha pwani, kile kilichofika Buyenzi kwa njia ya Ujiji, mshipa ni pia ngiri, ule uvimbe wa kinenani au wa korodani. Matokeo yake ni kwamba maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni, maumivu ya kinena, uvimbe wa korodani, na hata upungufu wa nguvu za kiume, vyote huitwa jina moja na hutafutiwa chupa moja. Muuza chupa hufurahi, kwa kuwa hahitaji kuuliza chochote.

Lakini kosa hili si la Waswahili peke yao. Neno siatika lenyewe limetokana na neno la Kigiriki la nyonga, na kwa karne nyingi waganga wa Ulaya waliyaita kwa jina hilo maumivu yoyote yanayozunguka sehemu hiyo ya mwili, yawe ya mfupa au ya neva. Mwaka 1764 ndipo daktari mmoja wa Napoli nchini Italia, Domenico Cotugno, alipoandika kitabu cha kutenganisha mambo hayo. Alisema kwamba kuna maumivu ya kiungo cha nyonga, na kuna maumivu ya neva. Tena haya ya neva yako namna mbili, moja hupita nyuma ya paja na nyingine huanzia kinenani na kushuka mbele ya paja. Sababu yake haikujulikana vyema mpaka mwaka 1934, pale madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, walipoonyesha kwamba mara nyingi kinachoibana neva ni kisahani cha uti wa mgongo kilichotoka mahali pake. Mgawanyo wa Cotugno ungali unatumika mpaka leo. Katika karatasi za hospitali zetu za Bujumbura, ambazo huandikwa kwa Kifaransa, msomaji akiona neno sciatique ajue ni yale maumivu ya nyuma, na akiona cruralgie ajue ni yale ya mbele. Ni vyema kulisoma neno hilo kabla ya kuikunja karatasi na kuitia mfukoni.

Sasa tuutazame mwili. Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kati ya pingili na pingili pana kisahani, kigumu kwa nje na laini kwa ndani, kinachopokea uzito na mtikisiko. Pingili za kiuno ni tano, nazo huandikwa L1 mpaka L5 kutoka juu kwenda chini. Chini yake uko mfupa mpana ambao sehemu zake huandikwa kwa herufi S. Kwenye kila kiungo hutoka mizizi ya neva, mmoja kulia na mmoja kushoto. Mizizi ya L4, L5, S1, S2 na S3 hukusanyika na kuwa neva moja, iliyo nene kuliko zote mwilini, yenye upana unaokaribia ule wa kidole gumba. Hiyo ndiyo neva ya siatiki. Hutoka ndani ya fupanyonga, hupita chini ya misuli ya kalio, hushuka nyuma ya paja, na karibu na goti hugawanyika mara mbili ili kuufikia unyayo.

Kinena hakimo katika safari hiyo. Fahamu za kinena hutoka juu zaidi, kwenye mizizi ya L1 na L2, kwa neva nyembamba zinazozunguka ukuta wa tumbo na kuishia kinenani, kwenye korodani au midomo ya uke, na sehemu ya juu ya paja kwa ndani. Tulipoambiwa hivi tulizikumbuka barabara mbili zinazotoka katika mji wetu: moja hupanda milima kwenda Bugarama, nyingine hufuata ziwa kwenda Rumonge. Lori likipinduka kwenye kona za Bugarama, magari ya Rumonge huendelea na safari. Ili barabara zote mbili zifungwe kwa tukio moja, lazima tukio lenyewe liwe huku mjini zinakoanzia, au yawe matukio mawili.

Kwa hiyo jibu la swali la mzee, kwa ufupi, ni kwamba siatika ya kawaida haileti maumivu ya kinena. Uhusiano upo, lakini ni mwembamba. Kwanza, kisahani kinaweza kutoka mahali pake juu, kati ya L1 na L2 au kati ya L2 na L3, na hapo maumivu huja kinenani na mbele ya paja. Jambo hilo ni nadra. Visahani vinavyotoka kiunoni, takriban 95 katika kila 100, ni vile viwili vya chini kabisa. Pili, imeonekana kwa wagonjwa wachache kwamba hata kisahani cha chini, hasa kile cha L4-L5, kinaweza kuleta maumivu mazito yasiyo na mahali maalumu ndani ya kinena, kwa kuwa fahamu za ukuta wa kisahani hupanda na kuingia kwenye uti kwa mlango wa L2. Ubongo hupokea habari na kukosea anwani ya mtumaji. Tatu, mtu anayechechemea kwa miezi huihamishia nyonga uzito ambao haikuzoea, na misuli ya kinena huanza kulalamika kwa niaba yake. Basi. Nje ya njia hizo tatu, kinena kinachouma kitafutiwe sababu yake chenyewe, hata kama mgonjwa ana siatika iliyothibitishwa.

Sababu ya kwanza ya kutafutwa ni nyonga, na hapa lugha hutupoteza mara ya pili. Wengi wetu tukitaja nyonga hushika kalio au ubavu wa kiuno. Kiungo chenyewe, ambamo kichwa cha mfupa wa paja huzunguka ndani ya kikombe cha fupanyonga, kiko mbele zaidi kuliko tunavyodhani, nacho kikiugua huuma kinenani. Daktari mmoja alituambia neno ambalo tumelihifadhi: anayeshika kalio na kusema "nyonga yangu" mara nyingi anaumwa mgongo, na anayeshika kinena na kusema "mshipa wangu" mara nyingi anaumwa nyonga. Maumivu ya nyonga huzidi mtu anapovaa soksi, anapotoka ndani ya gari, au anapogeuza mguu kwa ndani. Yanaweza kushuka mpaka gotini, lakini kwa kawaida hayavuki goti. Siatika huvuka goti, tena huenda na ganzi, mchomo kama wa umeme, au udhaifu wa unyayo. Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Mgonjwa hulala chali, na daktari humwinua mguu ukiwa umenyooka. Umeme ukishuka chini ya goti kabla mguu haujafika pembe ya digrii 70, neva ndiyo yenye kushukiwa. Kipimo hicho huandikwa kwa jina la daktari Mfaransa, Lasègue. Kisha hulikunja goti na kuuzungusha mguu kwa ndani. Kinena kikilia, daktari huhamia kwenye nyonga.

Mwenzetu mmoja, ambaye tulifanya naye kazi za barabarani kwa miaka, hakupata kipimo hiki cha pili. Alitibiwa mgongo kwa karibu mwaka mzima. Picha ya mgongo wake ilionyesha pingili zilizochakaa kidogo, jambo ambalo huonekana kwa watu wengi waliovuka umri wa miaka arobaini, wenye maumivu na wasio nayo, na uchakavu huo ukatosha kuwa jibu. Naye hakumwambia mtu kwamba mkewe ndiye aliyekuwa akimvalisha buti asubuhi, maana aliona aibu. Alipopigwa picha ya nyonga, kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kimekwisha kufa na kubonyea kwa kukosa damu. Ugonjwa huo huwapata watu wenye selimundu, walevi wa kupindukia, na wale wanaotumia kwa muda mrefu dawa za jamii ya kotisoni, kama vile deksamethasoni na predinisoloni. Mwenzetu hakuwa na selimundu wala hakuwa mlevi. Vidonge vyake alivinunua kwa kuhesabiwa, vimefungwa katika kipande cha karatasi, kwa mtu aliyepita mtaani na kikapu. Vilimpunguzia maumivu kweli. Na ndiyo maana alivirudia.

Kwa vijana wanaoanza mafunzo ya uaskari kuna jambo jingine, na tunawaomba wakufunzi walisome mara mbili. Kuruta asiyezoea kukimbia na kuandamana na mzigo, akiongezewa umbali kwa haraka, anaweza kupata ufa katika shingo ya mfupa wa paja. Haanguki, hapigwi, hana jeraha. Huanza kuumwa kinenani anapokimbia, kisha anapotembea, kisha anapolala. Picha ya kawaida inaweza isionyeshe kitu katika majuma ya kwanza. Akiambiwa ni mshipa, akanywe dawa na arudi uwanjani, ufa unaweza kuwa mvunjiko kamili, na kijana wa miaka ishirini akabaki na mguu mfupi. Kuruta mwenye kinena kinachouma kwa mazoezi asimamishwe kukimbia siku hiyohiyo na apelekwe kwa daktari. Tunajua kwamba wako wanaojisingizia ugonjwa. Tumekuwa makuruta sisi pia. Afadhali wavivu kumi wapumzike bure kuliko mfupa mmoja uvunjike.

Yapo pia maumivu yanayoanzia ukingoni mwa kinena na kushuka pajani, ambayo si ya siatika wala si ya nyonga, bali ni ya mkanda. Neva moja nyembamba inayotokana na L2 na L3 hupita chini ya kano ya kinena, karibu sana na ile nundu ya mfupa inayojitokeza mbele ya kiuno. Kazi yake ni moja tu, kuipa hisia ngozi ya paja kwa upande wa nje. Haitikisi msuli wowote. Ikibanwa, paja huwaka moto, hufa ganzi, au huhisi kama limemwagiwa maji ya moto, hata suruali ikigusa tu. Hubanwa na tumbo lililoongezeka, na mimba, na mkanda uliokazwa. Jina lake la kitabibu, meraljia, lilitolewa mwaka 1895, na maafisa wa polisi wenye mikanda ya kubebea silaha, pingu na redio ni miongoni mwa watu wanaotajwa katika maandishi ya kitabibu juu yake. Hapa dawa mara nyingi haizidi kulegeza mkanda tundu mbili, kuhamisha mzigo usikae juu ya nundu ile, na kupunguza kitambi. Baadhi yetu tumejaribu mawili ya kwanza na tumepata nafuu. La tatu bado tunalijadili.

Tufike kwenye ngiri yenyewe, ile ya kweli. Ukuta wa tumbo una mahali padhaifu kinenani, na utumbo ukisukumwa kwa kunyanyua, kukohoa kwa muda mrefu au kujikamua, unaweza kupenya hapo na kutokeza uvimbe. Uvimbe huo huonekana mtu akisimama au akikohoa, na hurudi ndani akilala. Huleta uzito na mvuto wa kinena jioni baada ya kazi. Wapakiaji wa mizigo bandarini, wabeba magunia wa soko la COTEBU na wachimba mchanga wanaujua. Haushuki mpaka kidoleni, na kuumwa mgongo siyo alama yake. Hakuna mzizi wala chupa inayoziba tundu la ukuta wa tumbo, tundu hushonwa. Mtu anaweza kukaa na ngiri miaka mingi bila balaa, na ndiyo maana wauza chupa hupata sifa. Balaa huja siku utumbo uliotoka unaponasa na kukosa damu. Uvimbe huwa mgumu, haurudi ndani, unauma vibaya, na mgonjwa hutapika na hapitishi upepo. Hapo hazihesabiwi siku, zinahesabiwa saa. Hali kadhalika kijana au mtoto wa kiume anayeshikwa ghafla na maumivu makali ya korodani yanayopanda kinenani: korodani inaweza kuwa imejipinda, na nafasi nzuri ya kuiokoa ni katika saa sita za kwanza. Askari wa zamu usiku akiombwa msaada wa gari kwa mgonjwa wa namna hiyo, asiulize kama angeweza kusubiri asubuhi.

Kuna ugonjwa mmoja unaounganisha mgongo na kinena kwa njia ambayo wazee hawakukosea kuiita njia moja, nao ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Watu wengi hudhani kifua kikuu hukaa mapafuni tu. Kinaweza kula pingili, na usaha wake ukashuka polepole ndani ya ala ya msuli mkubwa unaotoka kiunoni mpaka kwenye paja, ukatokeza kinenani kama uvimbe laini usio na joto. Mgonjwa anaweza kupasuliwa uvimbe huo akidhaniwa ana jipu au ngiri, kumbe chanzo kiko juu zaidi, mgongoni. Dalili zake ni mgongo unaouma usiku na mchana bila kupoa, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, na wakati mwingine kibiongo kinachoanza kujitokeza. Dawa zake zipo, na hutolewa bure katika vituo vya afya vya serikali. Zikicheleweshwa, miguu inaweza kupooza.

Wanawake tusiwasahau, ingawa hawakusimama katika mkutano ule. Mimba hulegeza viungo vya fupanyonga na kuleta maumivu ya kinena na ya kalio kwa pamoja, ambayo kwa kawaida huisha baada ya kujifungua. Lakini mwanamke aliyekosa hedhi na kushikwa na maumivu makali ya upande mmoja wa chini ya tumbo na kinena apelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mji wa uzazi. Na kwa wote, wake kwa waume, maumivu yanayotoka ubavuni na kushuka kinenani kwa mawimbi, mgonjwa asipate namna ya kulala, mara nyingi ni jiwe la figo.

Tukirudi kwenye siatika, habari yake ni njema kuliko sifa yake. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na wengi wa wanaopata siatika hupona bila kisu, sehemu kubwa kati ya juma la sita na la kumi na mbili, kwa kuwa kisahani kilichotoka hunywea chenyewe. Kulala kitandani kwa majuma hakusaidii. Mgonjwa atembee kadiri anavyoweza, aepuke kuinama na kunyanyua, abadilishe mkao. Dawa za kutuliza, kama ibuprofeni na diklofenaki, zitumike kwa siku chache na kwa ushauri, maana huchubua tumbo na kuchosha figo, hasa kwa wazee na wenye shinikizo la damu. Liko jambo linalogeuza siatika kuwa dharura, nalo ndilo pekee ambamo kinena, au tuseme mapaja ya ndani na eneo lote linalogusa tandiko la baiskeli, huingia katika ugonjwa huu kwa haki. Kisahani kikubwa kikiliziba fungu zima la mizizi ya chini, lile ambalo madaktari huliita mkia wa farasi, mgonjwa hufa ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, mkojo hukataa kutoka au hutoka bila habari, na miguu yote miwili hulegea. Huyo hapelekwi kwa mkandaji. Anapelekwa kwenye hospitali yenye madaktari wa upasuaji, kama vile Prince Régent Charles au ile ya Chuo Kikuu huko Kamenge, siku hiyohiyo.

Hatuwezi kuacha neno juu ya sindano, kwa kuwa hili liko karibu na kazi yetu. Neva ya siatiki hupita ndani ya kalio, na anayedunga bila kujua mahali pake anaweza kuichoma. Mahali salama pa kalio ni robo ya juu kwa upande wa nje. Watoto katika nchi zetu wameachwa na unyayo unaoburuta kwa sindano za kwinini zilizodungwa pasipostahili, nao si wachache. Mtu anayezunguka na bomba la sindano mfukoni, akidunga kwa malipo chumbani, anavunja sheria na anaweza kumlemaza mtu kwa sekunde moja. Taarifa zake zinapokelewa katika kila kituo cha polisi. Dawa zinazouzwa nje ya maduka yaliyoidhinishwa ziko chini ya uangalizi wa ABREMA, mamlaka ya nchi yetu ya kudhibiti dawa na vyakula, na tunapozikamata hatuwafanyii watu ukatili, ijapokuwa tunajua wanavyotusema.

Mzee wetu wa Buyenzi tulimpata nyumbani kwake tulipompelekea majibu haya. Alikuwa ametutangulia: mwanawe alimpeleka kupimwa juma lililofuata mkutano, akiwa na kadi yake ya bima ya mutuelle. Daktari alimwinua mguu, umeme ukashuka mpaka kidoleni. Akamzungusha nyonga, hakuna kitu. Akamwambia asimame na akohoe, uvimbe ukajitokeza kinenani. Siatika ya L5, na ngiri. Mishipa miwili, kila mmoja na njia yake. Alipoulizwa amekuwa akinyanyua nini, alikumbuka kwamba katika siku za uhaba wa petroli alikuwa akiisukuma taksi yake kwa mkono, hatua kwa hatua, kwenye foleni ya kituo cha mafuta, mchana kutwa na wakati mwingine usiku kucha, ili asiwashe injini na kumaliza kile kidogo kilichobaki. Ngiri ilishonwa. Mguu ulipoa wenyewe kabla ya nyuzi kutolewa, akabaki na ganzi kidogo kwenye kidole gumba, ambayo anasema haimzuii kukanyaga breki.

Alitusomesha karatasi yake ya hospitali kwa fahari, neno kwa neno, kisha akatuuliza ahadi ile nyingine ya mkutano imefikia wapi, ile ya taa za vichochoro.